Nywele Zilizolowa

Siku ya nne Delio alirudi tena saa tisa mchana na nywele zilizolowa, na mama akaacha kufuma.

Aliziweka sindano mapajani, akamtazama kutoka utosini hadi viatuni, kisha akanitazama mimi. Mama yangu, Ersilia, ni mwanamke wa maneno mengi. Ukiona amepima maneno yake, ujue jambo limefika pabaya.

"Umelowa, Delio," alisema.

"Nimetoka kuogelea, Signora."

Baraza zima lilisikia. Tulikuwa wageni kumi na mmoja pale katika nyumba ya wageni ya Signora Palmira, wote tumeshiba, wote tumelegea kwenye viti tukisubiri joto lipungue, na kila gazeti lililokuwa likipepea uso wa mtu lilisimama. Delio alinitabasamia kwa haya, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Nyuma yake ilibaki harufu ya sabuni.

Kwetu mtu akishakula hagusi maji mpaka saa tatu zipite. Tumbo litafunga, moyo utasimama, utazama kama chuma. Jambo hilo hatufundishwi, tunalinyonya pamoja na maziwa. Utoto wangu wote nimeupitisha kwenye mawe ya ziwa lile, nimevaa nguo ya kuogelea, jua likinichoma mabega, nikimwuliza mama kila baada ya dakika tano kama muda umefika. Chakula cha mchana kwa Signora Palmira ni saa sita na nusu. Kabla ya saa kumi hakuna anayetia majini hata kidole cha mguu. Ziwa lote linabaki la samaki. Na Delio Marchisotti, mwanamume wa miaka thelathini na nne, fundi wa mashine za kukoboa mpunga huko Vercelli, mtu mwenye akili zake timamu, anasimama mbele ya watu wazima na kusema ametoka kuogelea saa nane.

Njia ya mwongo ni fupi. Lakini ile ya Delio ilikuwa fupi mno hata nikamwonea haya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi alikuwa ameniambia mengine. Tangu tulipofika Jumamosi nilikuwa nikimwomba tuogelee wote jioni mpaka kwenye boya la manjano, mita mia mbili kutoka gatini. Mara sikio linamwuma. Mara upepo umegeuka. Mara ameacha nguo ya kuogelea Vercelli. Boya lile kwangu si boya tu. Pale ndipo marehemu baba alipomwomba mama uchumba, wote wawili wameshika mnyororo mmoja, meno yakigongana kwa baridi. Nilimwandikia Delio hadithi hiyo majira ya baridi, katika barua ya kurasa tano, nikidhani mwanamume akisoma kurasa tano ataelewa ninachosubiri. Yeye akajibu kwamba alivuka mto Sesia akiwa na miaka kumi na minne, na boya halimtishi.

Na keshokutwa yake ilikuwa sikukuu ya katikati ya Agosti. Mama yake Delio na shangazi yake walikuwa waje kwa treni ya asubuhi, tule pamoja, nivishwe pete mbele yao. Signora Palmira alikwisha kuagiza keki. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilimpenda mwanamume yule kiasi kwamba hata namna alivyokuwa akikunja kitambaa chake cha mezani ilinifurahisha.

Mama aliniita chumbani, akafunga mlango na dirisha.

"Kaa."

Nikakaa kitandani.

"Chupa yake umeiona?"

Niliiona. Nani hakuiona? Kwa Signora Palmira mgeni asipomaliza mvinyo wake, chupa huandikwa namba ya chumba na kuchorwa mstari wa penseli pale mvinyo ulipofika, kisha husimamishwa juu ya kabati la chakula mpaka mlo unaofuata. Mstari ule ni wa kuzuia maneno, mtu asije kusema jikoni wamemnywea. Lakini kwa kuwa kabati lile linatazama meza zote, sisi sote tunajua nani amekunywa nini na lini. Chupa ya chumba namba kumi na nne ilikuwa na mstari uleule kila mchana tangu Jumapili. Jioni alikunywa kama mtu. Mchana hata tone.

"Na sahani yake," mama aliendelea. "Vijiko vitatu, anaomba radhi, anaondoka. Mtu wa Vercelli anaacha wali, Nives. Umewahi kusikia? Mwanamume asiyekula hapa ana mahali anakokula."

"Labda hasikii njaa. Joto hili."

"Na zile nywele si za ziwa. Mtu akitoka ziwani nywele zinakuwa kama nyasi. Zile zimeoshwa kwa sabuni, nyumbani kwa mtu, na mikono ya mtu." Alikaa karibu nami, sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi si adui yako. Kesho saa kumi na mbili jioni nitashuka kwenye simu. Ama uniambie nisipige, ama niwapigie Vercelli niwaambie wasipande treni. Mara ya pili sitakubali uchekwe mbele ya watu."

Hakumtaja Gualtiero, na hakuwa na haja. Gualtiero alinichumbia miaka miwili kule Cremona. Kila Jumapili alikuwa zamu kiwandani. Mwaka wa pili ukiisha nikaja kugundua kwamba kiwanda kile hufungwa Jumapili, na kwamba zamu yake ilikuwa Piacenza, ina mapazia ya maua na watoto wawili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nashtuka hata nikiona kivuli cha ung'ongo.

Jioni hiyo nilimkuta Delio gatini, amekaa kwenye benchi, anatazama maji. Aliponiona alisimama upesi kama mwanafunzi. Macho yake yalinipokea kama yanavyonipokea siku zote, kwa mshangao mdogo, kana kwamba hakutarajia nije kweli. Niliyachukia macho yale kwa jinsi yalivyokuwa mazuri.

"Sikio lako limepona?" nilimwuliza.

"Limepona kidogo."

"Maana nasikia unaogelea. Na nani?"

Alichelewa. Si sana, muda wa kumeza mate. Lakini mwanamke aliyekaa miaka miwili na Gualtiero anajua kupima kuchelewa.

"Peke yangu," alisema.

"Basi twende sasa. Chakula cha mchana kimeshuka, maji ni shwari, boya lile pale."

Alilitazama boya.

"Keshokutwa, Nives. Niamini mpaka keshokutwa tu."

"Kuna mwingine aliniomba hivyohivyo."

"Najua. Ndiyo maana naomba kwa aibu." Alinyosha mkono kushika wangu, nami nikauficha mfukoni. Mkono wake ukabaki hewani, haujui pa kwenda, na mimi nikageuka nikaondoka kabla sijaushika. Usiku ule sikulala vizuri, na sitajifanya kwamba nililala.

Siku iliyofuata Signora Palmira alipika risoto, wali laini wa mchuzi, na samaki wa ziwani, chakula ambacho Delio mwaka uliotangulia alikula sahani tatu mpaka mpishi akatoka kumtazama. Alikuwa kwenye meza yake upande wa pili wa ukumbi, maana Signora Palmira hawezi kuwakalisha pamoja watu ambao hawajavishana pete. Mimi na mama tulikuwa kwenye yetu. Nilihesabu vijiko. Kimoja. Viwili. Cha tatu alikirudisha nusu. Chupa yake ilisimama kabatini na mstari wake, hakuna aliyeigusa. Alikunja kitambaa, akanitazama mara moja kutoka kule, mtazamo mrefu wa kusikitikia kitu, akaomba radhi akatoka.

Mama alinisukumia jicho. Sikuhitaji kusukumwa. Niliinuka, lakini badala ya kwenda mlangoni nilikwenda mezani kwake, nikakaa kwenye kiti chake ambacho bado kilikuwa na joto, nikaivuta sahani yake, nikaila risoto yote. Na yangu nilikuwa nimekwisha kuimaliza. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka angalau kitu kimoja chake kisiende kwa mtu mwingine. Wageni waliacha kutafuna. Mama alishika kichwa.

Kisha nikatoka mbio.

Nilimwona anakata kona nyuma ya kanisa, taulo begani. Mji ulikuwa umefunga madirisha, watu wamelala. Viatu vyangu pekee ndivyo vilivyosikika kwenye mawe, nikavivua. Alipita makaburini, akapita kiwanda cha hariri kilichofungwa siku nyingi, akashuka kwenye kijighuba kidogo ambacho hakuna mgeni anayekijua kwa sababu kina mawe makali na harufu ya nyavu. Kando yake kuna nyumba moja ya mawe, bomba la maji uani, na kamba ya kuanikia nguo.

Juu ya kamba ile kulikuwa na nguo za ndani za mwanamke.

Nilijibanza nyuma ya ukuta wa kiwanda. Nilijiambia nihesabu mpaka kumi, nikafika sita nikachungulia.

Walikuwa wamekwisha kuingia majini. Yeye na mwanamke. Mwanamke alikuwa amenipa mgongo, amevaa kofia nyekundu ya kuogelea, mabega yake mapana yamechomwa na jua. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemzunguka Delio kiunoni. Delio alikuwa amemlazia kichwa begani, amefumba macho. Na yule mwanamke alikuwa anacheka.

Kwa hiyo ndivyo inavyokuwa, niliwaza. Hata hii mara ya pili inauma, mtu angefikiri mwili umezoea. Niliona simu ya saa kumi na mbili. Niliona keki inarudishwa, na mama yake Delio anavua kofia yake ya safari kule Vercelli bila kuelewa kitu. Niliinama nikaokota jiwe. Nasema ukweli: lilikuwa jiwe la kutosha ngumi, na shabaha yangu si mbaya.

Halafu yule mwanamke alimwachia.

Delio alipotea. Kichwa kilizama, miguu ikatoka juu, mmoja kisha wa pili, ukapigwa mpigo mmoja wa ovyo kabisa, kisha kichwa kikarudi kinakohoa, mikono inatafuta popote pa kushika.

"Tumbo juu!" sauti ya mwanamke ilivuma ghubani kote. "Mara ngapi nimekwambia? Tumbo juu, kidevu juu, matako usiyaache yashuke kama gunia. Umelishwa mawe wewe?"

Sauti ile naijua. Mji mzima unaijua. Ni ya Signora Zita, anayeuza samaki wakavu sokoni kila Alhamisi na kumtukana kila anayeomba apunguziwe. Aligeuka kumpiga kofi la mgongoni atoe maji, nikauona uso wake: miaka sitini na tano isiyopungua, meno mawili ya mbele hayapo, kofia nyekundu imemkaba paji la uso.

"Umekula?" alimwuliza.

"Vijiko viwili na nusu," Delio alikohoa.

"Hata viwili vingi. Mimi nakula saa nne asubuhi, ndiyo maana naelea. Haya, tena. Kesho ni kesho. Ukifika nusu ya njia ya kwenda kwenye boya nitakwenda kanisani, na sijakwenda tangu ubatizo wa binti yangu."

Jiwe lilianguka lenyewe. Lilipiga jingine, wote wawili wakageuka.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na aibu ya namna ile. Maji yalimfika kifuani, lakini alijaribu kujificha nayo, akachuchumaa mpaka yakamfika kidevuni. Signora Zita alinitazama, akamtazama yeye, akaelewa kila kitu kwa kasi kuliko sisi.

"Huyu ndiye wa boya?" aliuliza. Delio akatikisa kichwa kukubali. "Basi mimi nina samaki wa kugeuza," alisema, akatoka majini akijikamua.

Nilishuka mpaka penye ukingo. Tulitazamana. Sikujua nicheke au nilie.

"Uliniandikia ulivuka Sesia," nilisema.

"Nilivuka." Aliinamisha macho. "Kwa daraja."

"Delio."

"Nimekulia kwenye mashamba ya mpunga, Nives. Maji ninayoyajua mimi yanaishia magotini. Mwaka jana nilikuona unatoka ziwani jioni, nywele zako zinachuruzika, nikajua nimekwisha. Kisha ukaniandikia habari ya boya. Ningekujibu nini? Kwamba wewe uje na mtumbwi unichukue?" Alifuta uso. "Nikatafuta saa ambayo hapana hata mtu mmoja majini wa kuniona nikizama. Iko moja tu. Saa nane, watu wote wanasubiri tumbo lishuke. Na mama yako aliponiuliza, nilichoka kudanganya, nikasema kweli. Nikaona sura zenu. Ndipo nilipojua kwamba kweli yangu haiaminiki."

"Ulisema uko peke yako."

"Hilo nilidanganya. Nilijua ungeniuliza ni nani, na ukishajua ni Signora Zita ungejua ni kwa nini." Alielekeza kidole kwenye boya. "Nilitaka nikuulize kule, aliposimama baba yako. Lakini sijafika hata nusu ya njia. Nimefika hapa tu."

Nilitazama boya. Toka pale lilionekana dogo sana, limelala upande kwenye jua. Baba hakusimama pale, kwa kweli. Hakuna anayeweza kusimama pale. Alining'inia kwenye mnyororo, na mama ananiambia alikuwa anatetemeka hata maneno hayakutoka vizuri.

Ndipo niliposikia pumzi nyuma yangu. Mama alikuwa anashuka njia ya mawe, mwavuli wa jua mkono mmoja, viatu mkono mwingine, uso umeiva. Sijui alisikia kuanzia wapi. Nadhani kuanzia kwenye ile habari ya daraja.

Niliingia majini na gauni langu.

"Nives," mama aliita. "Nives, umekula."

Yakanifika magotini, baridi ya kukata pumzi.

"Umekula sahani mbili, mtoto we! Utakufa!"

Yakanifika kiunoni. Miaka ishirini na tisa nimeishi, na sikuwahi kuyahisi maji ya ziwa lile saa nane mchana. Yalikuwa matamu, na yalikuwa yetu wawili. Delio alinijia kwa kutembea, mikono juu kama mtu anayevuka shamba la mpunga, na nilipomfikia nilimshika mikono yote miwili.

"Niulize hapahapa ulipofika," nilimwambia.

"Hapa maji ni ya kifuani."

"Yanatosha."

Alimeza mate. Safari hii sikupima muda. "Nives, nikuoe?"

"Nioe. Lakini nishike vizuri, maana mama anasema nakufa."

Nyuma yetu mama alikuwa ameketi kwenye jiwe. Nilidhani analia, kumbe anaitazama saa yake ya mkononi, anahesabu. Alikaa pale akihesabu mpaka alipohakikisha kwamba sitakufa, ndipo akalia.

Saa kumi na mbili jioni alipita mbele ya simu bila kuitupia jicho. Kwenye chakula cha usiku Delio alikula supu, akala samaki, akala na viazi vya mgeni wa chumba cha pili aliyekuwa na gesi tumboni, na mvinyo wake ukashuka mpaka robo ya chupa. Mama alimtazama tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Kisha akainuka, akavuka ukumbi, akainama juu ya kichwa cha Delio mbele ya watu wote na kunusa.

"Na sabuni?" aliuliza.

"Signora Zita hanikubalii niondoke bila kuoga bombani kwake. Anasema maji ya pale yana nyavu, nitanuka samaki na watu watauliza."

Mama alifikiri. "Nitamwuliza mwenyewe," alisema.

Signora Palmira alikuwa amekwisha kuja kukusanya chupa, penseli sikioni kama kawaida. Mama alimnyoshea mkono, akaipokea penseli. Aliiinua chupa ya Delio kwenye mwanga, akaitazama namba kumi na nne iliyoandikwa pale. Hakuchora mstari. Kando ya kumi na nne aliandika tisa, namba ya chumba chetu, taratibu, na kwa mkono mzito ili isifutike.

"Kesho chupa hii iletwe mezani kwangu," alimwambia Signora Palmira. "Na huyu aletwe pamoja nayo."